Usuluhishi wa nyumba mtandaoni: nani ameshika mpini?

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na mpangaji huisha kwa sababu mmoja amechoka. Mpangaji amehama, amana yake imekatwa nusu kwa maelezo ya "rangi na usafi". Anapiga hesabu ya nauli, ada na siku za kazi atakazopoteza akienda mahakamani, anaona gharama inaizidi amana yenyewe, anaacha. Upande wa pili kuna mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu. Akifungua kesi, hukumu inapotoka deni limefika miezi minane na mdaiwa hana cha kulipa. Mshindi wa kesi kama hiyo ameshinda karatasi.

Kwa hiyo wazo la kumaliza migogoro hii kwa mazungumzo ya mtandaoni, yakiongozwa na msuluhishi asiye na upande, linastahili kuchukuliwa kwa uzito. Naliunga mkono, ila kwa sharti ambalo wanaouza programu hizi hulitaja kwa nadra: mazungumzo ya mtandaoni hufanikiwa pale ambapo nguvu za pande mbili zimesogezwa karibu kabla ya ujumbe wa kwanza kuandikwa. Waweke aliyeshika mpini na aliyeshika makali mbele ya skrini moja, na bado atakayekatika mkono ni yule yule.

Historia ya jambo hili inaanzia sokoni. Mwaka 1999 Profesa Ethan Katsh wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake waliombwa na kampuni ya eBay, soko la kununua na kuuza mtandaoni, kujaribu kusuluhisha wauzaji na wanunuzi waliogombana. Msuluhishi aliyatumia mawasiliano ya barua pepe kushughulikia migogoro ipatayo mia mbili kwa muda mfupi, baina ya watu ambao hawakuwahi kuonana na wasingeonana kamwe. Kutoka hapo eBay ilijenga mfumo wake wenyewe, na baada ya miaka michache ulikuwa ukipitisha migogoro ipatayo milioni 60 kwa mwaka, mingi ikimalizwa na wahusika wenyewe bila mtu wa tatu kuingia.

Takwimu hiyo hutajwa kila anapotokea mtu anayetaka kuuza mfumo wa usuluhishi. Kinachosahaulika ni mazingira yake. Muuzaji wa eBay alikuwa na alama za sifa alizoogopa kuzipoteza, na kampuni ilikuwa na njia ya kuyagusa malipo. Aliyepuuza mazungumzo aliumia, hata kama alikuwa mkubwa kuliko mnunuzi. Kwenye nyumba hali imegeuka. Mwenye nyumba anashika amana, anashika funguo za akiba, na mara nyingi ndiye atakayeulizwa tabia ya mpangaji atakapotafuta nyumba nyingine. Mpangaji naye analala ndani ya kitu kinachogombewa. Anayegombania simu iliyofika imepasuka hana hofu ya watoto wake kulala nje.

Hata hivyo kuna jambo ambalo maandishi ya mtandaoni hulifanya vizuri kuliko kikao chochote cha ana kwa ana, na nadhani ndilo hoja kubwa ya kuyatetea. Huondoa mlango. Mazungumzo mengi ya kodi hufanyika mlangoni, mmoja amesimama kwenye mali yake na mwingine akiwa amevaa nguo za nyumbani, majirani wakisikia. Pale mpangaji hukubali asichokiweza ili aibu iishe, na mwenye nyumba husema asichokikusudia kwa kuwa ameona dharau. Ujumbe ulioandikwa unaweza kujibiwa kesho. Katikati ya leo na kesho mtu anatafuta risiti, anasoma tena mkataba, anamuuliza ndugu mwenye uelewa, na hasira inapungua. Msuluhishi mzuri analitumia pengo hilo: anazungumza na kila upande peke yake, anapokea matusi ambayo hayatafika upande wa pili, na anachopeleka ni ombi lililosafishwa.

Tuchukue ukungu ukutani, mgogoro uliopo popote penye nyumba za kupanga. Mpangaji anasema paa linavuja. Mwenye nyumba anasema mpangaji hafungui madirisha, anaanika nguo ndani, na mvuke wa jikoni hauna pa kutokea. Wakikutana watarushiana hayo hadi jioni. Mfumo ulioundwa na mtu anayezijua nyumba haumuulizi yeyote kosa ni la nani. Unauliza doa lilionekana lini mara ya kwanza, liko ukuta gani, linaanzia juu au chini, na linakuwaje siku mbili baada ya mvua. Unaomba picha ya karibu na picha ya chumba kizima. Majibu hayo yanasema mengi. Doa lenye ukingo wa kahawia chini ya dari, linalotanuka mvua inaponyesha, linaelekeza kwenye paa au bomba. Madoadoa meusi kwenye kona za baridi na nyuma ya kabati lililobanwa ukutani yanaelekeza kwenye mvuke. Unyevu unaopanda kutoka sakafuni na kubandua rangi chini ya ukuta unatoka ardhini, na hapo kufungua madirisha hakutausimamisha. Mara nyingi sababu ni zaidi ya moja, na hapo ndipo msuluhishi anapata nafasi: mwenye nyumba anatuma fundi wa paa na kuweka feni ya kutolea mvuke, mpangaji anasogeza kabati na kubadili mahali pa kuanikia, na kila kimoja kina tarehe yake.

Namna ya kuandika ujumbe wa kwanza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Anayeandika "wewe hujali wapangaji wako" amefungua kesi ya tabia, nayo haina mwisho. Anayeandika "Maji yanavuja chini ya sinki tangu tarehe 3, nimeweka picha, naomba fundi afike kabla ya Ijumaa, nipo nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni" amempa mwenzake kitu cha kukubali. Mwenye nyumba anayeandika "lipa au hama" naye amejifungia. Akiandika kiasi kinachodaiwa mwezi kwa mwezi, malipo aliyopokea na tarehe zake, ameondoa nusu ya ubishi, kwa sababu sehemu kubwa ya magomvi ya kodi huanzia kwenye hesabu ambazo kila upande umeziandika kivyake, au haukuziandika kabisa.

Sasa turudi kwenye mpini. Mfano wa kusogeza nguvu kabla ya mazungumzo, ninaouona kuwa bora kuliko yote, ni wa Uingereza (England) na Wales. Tangu Aprili 2007, kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004, mwenye nyumba katika mikataba mingi ya kupanga kwa watu binafsi lazima aiingize amana kwenye mfuko ulioidhinishwa na serikali. Ama mfuko unaishika fedha yenyewe, ama yeye anabaki nayo ikiwa imekatiwa bima huko. Ana siku 30 tangu aipokee. Akikiuka, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji kuanzia mara moja hadi mara tatu ya amana. Wakitofautiana mwishoni mwa mkataba, huduma ya kutatua mgogoro ni ya bure, na hufanyika kwa nyaraka: mkataba, orodha ya hali ya nyumba siku ya kuingia, orodha ya siku ya kutoka, picha, risiti za mafundi.

Nguvu ya utaratibu huo iko kwenye kanuni inayouongoza: fedha ni ya mpangaji mpaka mwenye nyumba athibitishe kwamba anastahili kukata. Asiyekuwa na orodha ya siku ya kuingia hana cha kulinganisha, na kwa kawaida hashindi. Uchakavu wa kawaida haulipwi na mpangaji. Hata palipo na uharibifu wa kweli, hesabu inafuata umri wa kitu. Zulia linalotarajiwa kudumu miaka minane likiunguzwa baada ya miaka sita, mwenye nyumba hawezi kudai bei ya zulia jipya. Thamani iliyobaki ilikuwa kama robo. Kwa uzoefu wangu wa kusoma migogoro ya aina hii, kanuni ya umri wa kitu ndiyo isiyojulikana na pande zote mbili, na ikifahamika mapema watu hufikia muafaka wenyewe bila kumfikia mwamuzi.

Kilichobadilika hapo ni kitu kimoja tu: uamuzi juu ya fedha umetoka kwenye mkono wa mmoja wa wagombanaji. Mpangaji haombi tena arudishiwe; mwenye nyumba ndiye anayeomba apewe. Mengine yote, fomu, picha, ujumbe, yamejengwa juu ya hatua hiyo. Nchi inayoanzisha jukwaa la usuluhishi mtandaoni huku ikiuacha utaratibu wa amana kama ulivyo itapata tovuti yenye sura nzuri na malalamiko yale yale.

Kwa kodi iliyolimbikizwa, kinachohitaji kusogezwa ni wakati. Usuluhishi unaoanza baada ya kesi kufunguliwa umechelewa, kwa kuwa penye kumbukumbu za mahakama zilizo wazi, jina la mpangaji limeshaingia kwenye orodha ambayo wenye nyumba wengine wataisoma hata kama kesi itafutwa. Mji wa Philadelphia nchini Marekani, katika mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, ulianzisha mpango unaomtaka mwenye nyumba apitie kwanza usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani kumtoa mpangaji kwa deni. Vikao vilifanyika kwa simu na video. Mpangaji alipangiwa mshauri wa masuala ya makazi wa kumsaidia kujiandaa. Mambo mawili hapo yananivutia. Mwenye nyumba hakuweza kuruka hatua, na mpangaji hakuingia peke yake.

Huyo mshauri ni muhimu kuliko programu. Kosa kubwa la wapangaji wenye deni ni kuahidi wasichokiweza. Mtu aliye na hofu ya kutolewa atakubali kulipa kodi ya mwezi pamoja na nusu ya malimbikizo, mwezi unaofuata atashindwa, na sasa mwenye nyumba ana ushahidi kwamba huyu si mtu wa kuaminika. Mpango unaodumu unaanza na bajeti iliyo wazi. Tarehe ya awamu inafuata siku mapato yanapoingia, hata kama kodi kwa kawaida hulipwa tarehe 1. Makubaliano yanaeleza malipo yakiingia yanahesabiwa kwanza kwenye kodi ya sasa au kwenye deni la zamani, jambo dogo kwa kuliangalia lakini ndilo linaloamua kama mpangaji ataonekana amelipa au bado anadaiwa. Na yanaeleza nini kitatokea awamu moja ikikosekana: siku ngapi za kungoja, ujumbe upi utatumwa, kabla ya mpango wote kuvunjika.

Mwenye nyumba naye asichorwe kama adui. Wengi wana nyumba moja au mbili, wengine wanalipia mkopo wa benki kwa kodi hiyo hiyo, na wapo wazee ambao pango ndilo pensheni yao. Kwao miezi mitatu bila kodi ni janga halisi. Usuluhishi unawapa kitu ambacho mahakama hutoa kwa kuchelewa, nacho ni uhakika wa tarehe. Wapo wanaokubali kusamehe sehemu ya deni kwa sharti kwamba mpangaji ahame siku fulani na kuacha nyumba safi, na mara nyingi hesabu inaonyesha wamepata zaidi kuliko wangeshtaki.

Majukwaa yenyewe yamewahi kuanguka, na kuanguka kwake kuna mafunzo. Uholanzi ilikuwa na Rechtwijzer, mfumo uliosifiwa kila kona ya dunia ya sheria, uliojulikana hasa kwa kuwasaidia wanandoa wanaoachana kufikia makubaliano hatua kwa hatua. Ulifungwa mwaka 2017. Watumiaji hawakufikia idadi ya kuubeba kifedha, na ulitegemea upande wa pili ukubali mwaliko kwa hiari. Fikiria ugumu huo kwenye pango: unapokea kiungo kutoka kwa mtu mnayegombana, kinakualika uingie mahali alipochagua yeye. Wengi watafuta ujumbe. Mfumo usio na mamlaka ya kumleta aliyeshika mpini mezani utawahudumia wale tu ambao wangepatana hata bila mfumo.

Ontario, Kanada, ni fundisho la aina nyingine. Baraza lake la Wenye Nyumba na Wapangaji lilihamishia shughuli zake mtandaoni kwa kiasi kikubwa kuanzia mwaka 2020. Mei 2023 mchunguzi wa malalamiko ya umma wa jimbo hilo alitoa ripoti iliyoonyesha maombi zaidi ya 38,000 yakiwa yamerundikana, na akataja uhaba wa watoa uamuzi miongoni mwa sababu. Wenye nyumba na wapangaji waliumia kwa pamoja. Kubadilisha njia ya kuingilia hakuongezi watu wa kusikiliza, na anayepanga bajeti ya mfumo kama huu akaweka fedha yote kwenye programu, akasahau mishahara ya wasuluhishi, anajenga foleni mpya.

Kuna pia watu ambao maandishi yanawafungia nje: asiyesoma vizuri, mzee asiye na simu ya kisasa, anayeishi pasipo na mtandao wa uhakika, mwenye lugha tofauti na ya fomu. Ujumbe wa sauti unasaidia sana hapa na ungepaswa kukubalika kama maandishi yanavyokubalika. Vivyo hivyo mtu aruhusiwe kusemewa na ndugu au mtu anayemwamini, na namba ya simu inayopokelewa na binadamu ibaki wazi siku zote.

Suala la siri halizungumzwi vya kutosha. Katika mifumo mingi ya sheria, ofa inayotolewa wakati wa kutafuta suluhu haitumiki baadaye kama ushahidi wa kukiri kosa. Kanuni hiyo humruhusu mwenye nyumba kusema "nipo tayari kurudisha theluthi mbili" bila hofu ya kusomewa maneno hayo mbele ya hakimu. Lakini picha ya skrini inachukuliwa kwa sekunde moja na kusambazwa kwenye kundi la wapangaji wote wa jengo. Jukwaa lenye akili hutenganisha sehemu mbili: moja ya ushahidi, yenye picha, risiti na mkataba, ambayo kila mmoja aweza kuitumia popote, nyingine ya ofa, inayofungwa mazungumzo yakivunjika, na wahusika wanasaini kuilinda kabla ya kuanza.

Na lazima tuulize nani anamlipa msuluhishi. Kampuni inayosimamia majengo hukutana na migogoro mamia kwa mwaka. Mpangaji hukutana na mmoja, labda miwili, katika maisha yake. Kampuni ikiwa ndiyo mteja wa jukwaa, jukwaa litajifunza kumridhisha anayerudi. Hatari hiyo inakua pale akili bandia inapoanza kupendekeza kiasi cha "haki" kutokana na makubaliano yaliyopita, kwa sababu kama wapangaji wa zamani walikuwa wakikubali kidogo kwa kuchoka, mashine itajifunza uchovu wao na kuuita kawaida. Umoja wa Ulaya umeliona: sheria yake ya akili bandia ya mwaka 2024 inaiweka mifumo inayotumiwa na vyombo vya haki kutafsiri ukweli na sheria kwenye kundi la hatari kubwa, na inayotumiwa kwa namna hiyo hiyo katika utatuzi mbadala wa migogoro imejumuishwa.

Yapo mambo yasiyopaswa kufika kwa msuluhishi hata kidogo. Kubadilisha kitasa mpangaji akiwa kazini, kukata maji au umeme ili ahame, kuvuja kwa gesi, nyaya zilizo wazi, kumvizia au kumtisha mtu nyumbani kwake. Hapo hakuna cha kujadiliana. Ni polisi, ni mamlaka ya makazi, ni amri ya dharura ya mahakama, siku hiyo hiyo. Jukwaa linalompokea mtu aliyefungiwa nje na kumwambia asubiri siku tano upande wa pili ujibu limemdhuru. Swali la kwanza kabisa kwenye fomu liwe la usalama, na jibu lake limpeleke mtu mahali sahihi mara moja.

Makubaliano yakipatikana, yaandikwe kana kwamba yatasomwa na mtu asiyewajua wahusika. Nani analipa, kiasi gani, kwa njia ipi, kabla ya tarehe ipi. Fundi anaingia saa ngapi na nani anamfungulia. Ikishindikana, hatua inayofuata ni ipi. Pale sheria inaporuhusu, yasajiliwe mahakamani ili yawe na nguvu ya amri, kwani makubaliano yasiyotekelezeka humrudisha mnyonge pale pale alipoanzia, akiwa amepoteza muda zaidi. Na kuna kifungu ambacho wasuluhishi wengi hukisahau ingawa hakimgharimu mwenye nyumba chochote: maneno atakayoyasema akipigiwa simu na mwenye nyumba wa baadaye. Yaandikwe humo humo, sentensi mbili au tatu za kweli ambazo wote wawili wamezikubali. Nimeona mpangaji akiacha sehemu ya amana aliyokuwa na haki nayo ili apate sentensi hizo tu, naye hakukosea hesabu, maana bila hizo asingepata nyumba nyingine.